Diode ya Radio ya Baba

Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mimi zaidi ya nusu saa amenisikia nikisema kwamba, ukitaka gitaa la umeme likwaruze vizuri, transista ni bora kuliko diode. Nimelisema hilo arusini na matangani, na mara moja mbele ya padri ambaye alikuwa ameniuliza habari za mke wangu. Wengi wananiona mkaidi. Mkaidi ni kweli, lakini katika jambo hili wananisingizia, maana mimi mwenyewe siamini hata neno moja la ninayoyasema. Wacha nieleze nilivyofika hapo.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni, na sisi wa Masisi tulikuwa na okestra. Ilikuwa na gitaa moja la umeme, magitaa mawili ya kawaida, ngoma, tarumbeta ambayo mwenyewe alikuwa bado anaizoea, ampli moja ya kukuza sauti iliyokula betri ya gari, na kamati ya watu kumi na mmoja. Wapigaji tulikuwa watano. Kamati ilikuwa na rais, makamu wa kwanza, makamu wa pili, katibu, naibu wa katibu, washauri watano, na mtu mmoja aliyeitwa mkaguzi. Mkaguzi hatukujua anakagua nini, naye hakupenda kuulizwa. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzi tu, na kila mtu alitaka kuwa kitu fulani kabla vyeo havijaisha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule ya misheni, na gitaa la umeme lilikuwa mikononi mwangu. Mshindani wangu alikuwa fundi wa radio, mtoto wa dada wa mama yangu, aliyenizidi miaka mitatu, kwa hiyo nilimwita kaka. Ufundi alijifunza Bukavu: mwaka mzima kwa maneno yake, miezi miwili kwa maneno ya mama yake. Radio ikiingia kwake na transista saba, ilitoka na tano, na mwenye radio alimshukuru sana.

Siku moja kaka huyo aliitwa na mzungu wa shamba la chai kutengeneza gramafoni. Akarudi macho yamemtoka. Alikuwa amesikia santuri mpya kutoka Ulaya ambamo gitaa halikulia kama gitaa. Lilinguruma, likakwaruza, noti moja ikavutika mpaka mtu anasahau ilianzia wapi.

"Mudogo wangu," akaniambia, "ile gitare iko inalia sawa iko na nyuki mu tumbo. Nasi tutaifanya. Minajua siri yake. Iko transista."

"Apana," nikamjibu. "Iko diode."

Sikuwa na sababu ya kumpinga, ila yeye alikuwa amesema kwanza. Halafu nilikuwa na kitabu. Katika kabati la shule palikuwa na kitabu cha Kifaransa cha kutengeneza radio, kisicho na jalada wala kurasa arobaini za mwanzo, kwa hiyo nilijua majibu mengi bila kujua maswali yake. Ndani yake palikuwa na mchoro wa diode mbili, vile vijipande vya kioo vyembamba kama punje ya mpunga, zimeunganishwa zikipeana migongo.

Ugomvi wenyewe ni mwepesi kueleza. Sauti ya gitaa ndani ya waya inapanda na kushuka. Fundi alitaka kuchukua transista mbili na kuikuza sauti hiyo kupita kiasi, mpaka igonge dari na kichwa chake kiwe bapa. Ubapa huo ndio mkwaruzo. Mimi nilisema sauti ikuzwe kidogo tu, kisha diode mbili ziikate: moja ikate kichwa inapopanda, nyingine ikate miguu inaposhuka, na kinachozidi kimwagwe ardhini. Njia zote mbili zinaharibu sauti. Tulikuwa tunagombania ipi inaiharibu kwa heshima zaidi.

Jambo kama hilo watu wawili wangelimaliza kwenye benchi la fundi. Kamati ikasema lazima liitishiwe mkutano. Tulikaa darasani kwangu baada ya misa, wajumbe kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, nasi wawili tukaeleza ubaoni kwa zamu. Makamu wa pili, mwanamume aliyewahi kufungwa siku nne kwa kumjibu mkubwa, akasimama.

"Mimi nimesikia muzuri," akasema. "Transista iko sawa chefu: anakula, anavimba, mpaka anagonga kichwa ku plafond. Diode iko sawa administrateur: akikuona unarefuka, anakukata. Ile kintu yote tunaijua. Sasa munatuomba tuchague nini?"

Rais wa kamati alimwomba katibu asiandike hilo. Kisha wajumbe wakagawanyika, wengine wakawa watu wa transista na wengine watu wa diode, na kufikia Jumatano kulikuwa na ndugu wa damu wasiosalimiana kisimani kwa ajili ya vitu ambavyo hawajapata kuviona kwa macho. Iliamuliwa kila mmoja wetu atengeneze kiboksi chake. Wiki tatu mbele tulikuwa na mwaliko Walikale, kwenye sherehe ya kanisa lililoezekwa mabati mapya. Huko ndiko viboksi vingepimwa mbele ya watu ambao hawakuwa na upande.

Fundi alikuwa na transista kwa wingi, tumeshaona alikozitoa. Mimi nilikuwa na diode moja, kutoka katika radio ya shule iliyokufa siku nyingi. Diode moja inakata upande mmoja tu. Nilihitaji ya pili, na ya pili nilijua ilipo.

Ilikuwa ndani ya radio ya baba.

Baba alikuwa karani mstaafu wa shamba la kahawa. Alijua Kifaransa cha barua na Kilingala cha askari, na kwa kuwa alijua lugha hizo, kilima kizima kilimtegemea. Radio yake ilikaa ndani ya mfuko wa ngozi wenye matundu, na ilikuwa na kisikilizio kimoja cha kutia sikioni. Kipaza sauti cha radio kilimaliza betri haraka, na betri zilitoka mbali, kwa hiyo baba alikuwa amekifungia. Desturi ya kwetu ikawa hii: kila Alhamisi saa kumi alasiri majirani walikuja uani, wakakaa, wakanyamaza. Baba alitia kisikilizio, akafumba jicho moja, akasikiliza. Alichosikia alikisema kwa sauti, kwa Kiswahili, na kwa Kihunde kwa ajili ya wazee. Watu ishirini walisikiliza radio kwa sikio la mtu mmoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Alhamisi haikuchaguliwa hivi hivi. Siku hiyo, baada ya habari, msomaji alisoma salamu na matangazo ya watu: fulani aliye mahali fulani anawajulisha wazazi wake kwamba ni mzima. Kaka yangu mkubwa, wa tumbo moja, alikuwa ameondoka na lori kwenda Kisangani, mji ambao baba bado aliuita Stan. Ilikuwa kabla ya ghasia za huko. Miaka miwili ilikuwa imepita bila barua wala mjumbe. Kigoda chake kilikuwa karibu na jiko, na mama hakuruhusu mtu akikalie, hata padri. Mama alikuwa kiongozi wa wanawake kanisani, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, lakini tangu kimya kile kianze alikuwa ameacha kuimba. Alhamisi aliketi mlangoni akimtazama baba mdomoni. Matangazo yakiisha bila jina letu, alinyanyuka akaenda kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Haya yote niliyajua. Nasema hivyo ili mtu asinitafutie udhuru. Jumatano ile baba akiwa shambani, mimi, mwalimu wa darasa la nne niliyekuwa asubuhi hiyohiyo nimefundisha somo la adabu juu ya mali ya watu, niliifungua radio kwa bisibisi, nikaichomoa diode, nikaifunga vizuri kama vile sijafika. Nilijiambia nitaijaribu jioni na kuirudisha kesho kabla ya saa kumi. Jioni nikaiunganisha na mwenzake, nikapiga waya mmoja wa gitaa. Ikatoka sauti nene, yenye ukali pembeni, na nikipunguza mkono ilisafishika yenyewe. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kesho yake sikuirudisha.

Diode ile ndiyo inayotenganisha maneno na mawimbi. Bila hiyo radio inawaka, lakini sikioni unapata upepo tu. Alhamisi saa kumi nilikaa nyuma kabisa ya majirani, jasho likinitoka katika baridi ya Masisi, nikingoja baba apige kelele.

Baba alitia kisikilizio. Akazungusha kitufe taratibu, akakirudisha, akakizungusha tena. Akatugeuzia uso, akatutazama sote, mmoja mmoja. Akakohoa.

"Hapa ni radio," akasema. "Wanasema barabara ya Sake mpaka Masisi itatengenezwa. Wameleta machini. Wanaanza kesho kutwa."

Majirani wakapiga makofi. Mimi sikujua nicheke au nikimbie. Baba akaendelea bila kukwama. Waziri mmoja alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Sake ili ajue matope ni nini, na sasa alikuwa hospitali akijuta. Huko Ulaya wazungu walikuwa wameanza kula sombe, majani yetu ya muhogo, na wamekubali hadharani kwamba walichelewa. Matangazo ya watu, akasema, leo hayakusomwa kwa sababu msomaji ameumwa jino.

Nilitaka kumwambia. Lakini kumwambia kungekuwa kujitaja, na zaidi ya hapo kiboksi changu kilikuwa kinaendelea vizuri. Wiki iliyofuata majirani wakaongezeka mpaka wengine walisimama. Akaja pia mwanamume mmoja kutoka Bihambwe mwenye radio yake mwenyewe, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Papa, unisamehe," akasema. "Kwetu Bihambwe radio haikusema ile maneno ya waziri. Haikusema hata kiloko."

Ua mzima ukamgeukia. Bibi mmoja akamwuliza kama radio yake ilikuwa ya zamani. Mwingine akamwambia pengine kilima cha Bihambwe kinaziba. Wakamshauri, kwa huruma kabisa, ampelekee fundi. Alhamisi ya tatu alirudi bila radio, akakaa mstari wa mbele. Nilisikia baadaye kwamba kweli alikuwa amempelekea fundi, na transista zake mbili zilikuwa tayari ndani ya kiboksi cha mkwaruzo.

Ilikuwa Alhamisi hiyo ya tatu. Baba alimaliza habari, ambazo zilikuwa nzuri kuliko zote, daraja jipya likiwemo. Watu wakaanza kujinyoosha. Mama alikuwa mlangoni na maharage mapajani. Baba akaendelea kukishika kisikilizio kwa kidole, akainamisha kichwa.

"Munyamaze," akasema. "Wanasoma majina."

Akasoma majina matatu ya watu wasiojulikana, wa Beni, wa Bunia, sijui wa wapi. Kisha akataja jina la kaka yangu. Yuko Stan, akasema. Ni mzima. Anafanya kazi katika karakana ya magari. Anasalimia wazazi, anasema barabara ikifunguliwa atakuja.

Mama hakupiga kigelegele. Aliyamwaga maharage yote chini, akakaa juu yake, akalia kwa sauti, halafu akaanza kuimba wimbo wa Pasaka ingawa Pasaka ilikuwa mbali. Wanawake wakamwinua. Watu walinikumbatia mimi, mdogo wa aliyepatikana, wakaniuliza kwa nini nimekuwa wa kijivu. Katika ua ule watu wawili tu walijua kwamba radio haikusema kitu, na nilikuwa na hakika kwamba baba hajui kuwa tuko wawili. Niliona haya, nikainama kuokota maharage ili nisitazamwe usoni.

Jumamosi tukapanda lori kwenda Walikale, wapigaji watano na wajumbe kumi na mmoja, kwa kuwa hakuna mjumbe aliyekubali kubaki. Barabara iliteremka siku nzima, na kadiri ilivyoteremka tulivua makoti, kisha sweta, kisha kamati ikavua tai. Masisi ni baridi. Walikale ni msitu na joto, hewa nzito kama ya chungu kilichofunikwa. Mimi na fundi hatukuwa tumefikiri kwamba joto hilo linahusu kitu kingine zaidi ya sisi tunaotoka jasho.

Jumapili baada ya misa tukapanga vyombo mbele ya kanisa, mabati yakimetameta juani. Kiboksi cha transista kilianza. Fundi alikanyaga swichi aliyoitengeneza kwa kengele ya baiskeli, nikapiga. Noti ya kwanza ilinguruma kweli, watu wa transista wakarusha kofia. Noti ya pili ikatoka na mafua. Ya tatu ikawa nyembamba, na ya nne haikutoka kabisa. Transista za siku hizo hazikupenda joto. Zikipata joto zinapotea, zikipoa zinarudi. Fundi akakifunika kiboksi kwa jani la mgomba, akakipepea kwa kofia ya rais wa kamati. Kikatoa noti moja, kikazima tena. Washauri wawili wakashauri kiombewe.

Nikaunganisha changu. Diode hazikujali. Gitaa likanguruma mwanzo hadi mwisho, na wenyeji wa Walikale wakacheza mpaka vumbi likawafika kiunoni. Watu wa diode walinibeba begani. Katibu aliandika katika ripoti kwamba transista zimeshindwa "kwa sababu ya climat", na watu wa transista wakaikubali ripoti kwa sharti kwamba kosa liwe la hali ya hewa peke yake.

Tulipopumzika, akanijia mwanamume wa makamo, mwindaji, na likembe mkononi, kile kinanda kidogo cha vibamba vya chuma. Alikuwa amefunga vipete vya bati kwenye vile vibamba vya chuma, na alipovigusa kwa dole gumba, kila noti ilikuja na mkwaruzo wake, mtamu, uleule. Alipiga kidogo, akanitazama bila ubaya.

"Mwalimu," akasema, "mulibeba batterie ya motokari kutoka Masisi juu ya kutafuta mulio uyu?"

Nikamwambia wetu una nguvu zaidi. Akakubali kwa kichwa.

"Na ile kintu kadogo ya mu boksi, mulitoa wapi?"

"Mu radio."

"Na radio sasa iko inasema nini?"

Alikuwa anauliza tu, apate kujua. Nilijifanya ninatafuta waya. Waliponiletea kuku na kasiksi, pombe yao ya ndizi, kama mshindi, nilimsogezea fundi vyote.

Tuliporudi nilikivunja kiboksi kabla hata sijanawa miguu. Jumanne, baba akiwa shambani, nikaifungua radio na kuirudisha diode mahali pake. Nikatia kisikilizio sikioni: mtu alikuwa anasoma Kifaransa kwa sauti safi. Nilijisikia mtu mwema, na nililala vizuri usiku huo.

Alhamisi majirani walijaa. Mama alikuwa amevaa kitambaa cha Jumapili na ameoka viazi vya kugawa. Baba akatia kisikilizio, akazungusha kitufe, na nikaona bega lake likishtuka. Akasikiliza muda mrefu. Akatupa habari: mkutano umefunguliwa, mkutano umefungwa, ujumbe umepokelewa uwanja wa ndege. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamume wa Bihambwe alinong'ona kwamba radio ya mzee sasa imeharibika kama yake. Kisha yakaja matangazo. Midomo ya baba ilitikisika lakini haikutoa kitu.

"Na mutoto?" mama akauliza.

"Leo apana," baba akasema.

Wiki iliyofuata ikawa "leo apana". Na ile iliyofuata. Mara ya kwanza mama alisema pengine yuko kazini. Mara ya pili alisema pengine wino umekwisha huko. Mara ya tatu kitambaa cha Jumapili kilirudi sandukuni, na niliona mkono wake ukipapasa kile kigoda kama mtu anayeangalia kama jiwe la jiko limepoa. Hapo ndipo nilipomfuata baba shambani.

Alikuwa anapalilia maharage, mgongo kwangu. Hakugeuka.

"Ulirudisha ile kadogo?" akauliza.

"Ndiyo, Papa. Unisamehe."

"Minajua tangu siku ya kwanza. Niliweka mu sikio, nikasikia upepo tu. Usiku nikafungua radio na kisu, nikaona pahali pamoja pako wazi. Nani mwingine kwetu iko na bisibisi?" Akang'oa jani, akalitupa. "Lakini ile saa ya radio batu walikuwa bananiangalia. Mama yako alikuwa ananiangalia. Nikasema barabara inatengenezwa."

"Na maneno ya kaka?"

"Ile sikuipanga. Ilitoka tu."

Nilimwambia, na nilikuwa namsihi, kwamba angeweza kuendelea: hakuna anayesikia isipokuwa yeye, aseme tu anavyotaka.

Baba alisimama akaegemea jembe. Sikuwa nimewahi kuona macho yake hivyo.

"Haiwezekani. Yule muntu iko anasoma majina mu sikio yangu, moja moja. Ya Beni, ya Bunia, ya batoto ya batu wengine. Nikisikia ya kwetu haiko, kinywa inafunga. Wakati ilikuwa upepo, nilikuwa naweza." Akarudia kupalilia. "Wewe ulifanya muzuri kurudisha. Iko mali ya radio."

Hakuniomba kitu. Baba hakuwa mtu wa kuomba. Jumatano nilimaliza masomo mapema, nikaenda nyumbani, nikaifungua radio kwa bisibisi ileile na kuichomoa diode tena. Sikuwa na kiboksi cha kuitia.

Alhamisi saa kumi baba alitia kisikilizio, akazungusha kitufe, akakirudisha. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata nyuma ya watu, akanitazama kidogo. Akakohoa.

"Hapa ni radio," akasema.

Kaka yangu hakurudi, wala habari zake hazikuja kwa mtu yeyote aliyepita Kisangani, nami niliuliza wengi. Lakini kila Alhamisi alikuwa mzima. Baba alimfanya msimamizi wa karakana, akamwoza msichana wa Kikumu, wa hukohuko Stan, mwenye adabu, akampa watoto watatu, na wa pili, msichana, alipewa jina la mama. Barabara ndiyo iliyomzuia kuja, na kwa barabara zetu, hakuna aliyeona shaka. Mama alirudi kuongoza wimbo kanisani. Alikufa akiwa na wajukuu Stan, na siku ya mazishi baba alisoma kaburini salamu za kaka kutoka radioni, sauti yake ikitetemeka mahali panapostahili.

Okestra ilinidai kiboksi changu. Tulikuwa tumealikwa tena, na kila mtu alikumbuka Walikale. Ningekitengeneza tena, wangeuliza diode ya pili ilitoka wapi, na fundi ni mtu wa kufungua kila radio anayoiona: angegundua kwamba ya baba haisemi kitu, na mama angejua. Kwa hiyo nilisimama mbele ya kamati, kwenye madawati ya watoto, nikasema nimetafakari kwa kina, diode hazina roho, transista ndiyo yenye sauti ya kweli, na Walikale lilikuwa tatizo la hali ya hewa peke yake. Watu wa diode waliniita msaliti. Kaka yangu fundi alinikumbatia akalia machozi, na kuanzia siku ile tulipiga kwa transista, tukiifunika kwa jani la mgomba kila tulipoteremka bondeni.

Nimeendelea kusema hivyo mpaka leo, mama hayupo, baba hayupo, na radio zenyewe siku hizi hazina vitu hivyo. Diode nimeitunza katika kibati cha mafuta ya kujipaka, imeviringishwa kwa pamba. Ukiniuliza ipi bora, nitakuambia transista.